Ajira katika maduka ya Kariakoo

Ajira katika maduka ya Kariakoo ni utaratibu wa kutafuta, kuchuja, kulipa na kusimamia wafanyakazi katika biashara ndogo za Kariakoo, eneo la soko na maduka lililopo katika Wilaya ya Ilala, jijini Dar es Salaam, Tanzania. Maduka mengi ya Mtaa wa Msimbazi na mitaa ya jirani kama Congo, Sikukuu, Swahili, Aggrey na Mchikichi huendeshwa na mwenye mali akisaidiwa na wafanyakazi wachache tu. Wengi wao huingia kazini kwa kujuana: ni ndugu wa mwenye duka, watu wa kijijini kwake, au wameletwa na mdhamini. Makubaliano mara nyingi hufanywa kwa mdomo.

Upande wa pili, sheria ya kazi ya Tanzania Bara inamhesabu muuzaji wa fremu moja kuwa mwajiriwa sawa na mfanyakazi wa kiwanda katika haki za msingi, kama vile saa za kazi, likizo, makato ya mshahara na taratibu za kuachishwa. Kwa muda mrefu pande mbili hizi, desturi na sheria, zinaweza kwenda sambamba bila kugongana. Hugongana zaidi siku fedha au bidhaa zinapopungua dukani na ikabidi ijulikane nani atalipa.

Historia

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Uingereza kilichopiga kambi mahali hapo baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Chini ya utawala wa kikoloni mji uligawanywa kwa rangi: Wazungu walikaa upande wa mashariki karibu na bahari, Wahindi katikati penye biashara, na Waafrika Kariakoo, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Maduka makubwa ya wakati huo yalikuwa Uhindini, na Waafrika wengi waliofanya kazi huko walikuwa wapagazi, watumishi na wasaidizi wa dukani.

Uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa katika Tanganyika uliongozwa kwanza na sheria ya mwaka 1923 kuhusu mabwana na watumishi Waafrika, ambayo ilimpa mwajiri nguvu kubwa kuliko mfanyakazi. Miaka ya 1950 vyama vya wafanyakazi vilikua, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake. Baada ya uhuru, sheria ya usalama wa ajira ya mwaka 1964 ilipunguza uwezo wa mwajiri wa kumfukuza mtu kazi apendavyo.

Jengo la soko la Kariakoo, lililosanifiwa na msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Siasa ya Ujamaa ilikuwa imeweka sehemu kubwa ya biashara ya jumla mikononi mwa mashirika ya umma. Kuanzia mwaka 1984 watu binafsi waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na katika miongo iliyofuata nyumba za kuishi za Kariakoo zilibomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa yenye maduka. Kariakoo ikawa soko la jumla la nguo, viatu, vitambaa, simu, vipodozi na vyombo, likiwahudumia pia wateja kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Kila fremu mpya ilihitaji mtu wa kuisimamia, na ndivyo kazi ya kuuza duka ilivyokuwa mojawapo ya njia za kawaida za kijana mgeni kuanza maisha mjini.

Aina za wafanyakazi

Muuzaji ndiye mfanyakazi mkuu wa duka dogo. Hupokea wateja, hutaja bei, hupokea fedha, hupanga bidhaa na kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye duka. Katika duka lenye wauzaji zaidi ya mmoja, anayeaminiwa zaidi hukabidhiwa ufunguo na droo ya fedha.

Mtu wa stoo hutunza ghala, ambalo mara nyingi huwa ghorofa za juu au mtaa mwingine. Hupokea mzigo, huuhesabu na kuutoa kwa maagizo ya dukani.

Wabebaji wa mizigo na wasukuma mikokoteni kwa kawaida hulipwa kwa safari au kwa mzigo. Wengi hawana mwajiri mmoja.

Winga (wingi: mawinga) ni mtu anayemkuta mteja barabarani, akamuuliza anachotafuta na kumpeleka kwenye duka lenye bidhaa hiyo. Duka humtajia winga bei yake, naye humuuzia mteja kwa bei ya juu zaidi na kubaki na tofauti, inayoitwa "cha juu". Winga hana mshahara, lakini baadhi yao hushinda duka moja mwaka mzima.

Hali ya winga huonyesha kwamba jina la kazi pekee halitoshi kuamua nani ni mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama mojawapo ya hali kadhaa ipo: kwa mfano anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anamtegemea huyo mwingine kiuchumi, anapewa naye vifaa vya kazi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa hiyo kijana anayeambiwa afike saa 2 asubuhi, avae fulana ya duka na asiondoke mpaka jioni aweza kuhesabiwa mwajiriwa hata kama anaitwa winga.

Kutafuta wafanyakazi

Njia ya zamani na inayotumika zaidi ni kuchukua ndugu au mtu wa nyumbani. Wafanyabiashara wenye asili ya Makete mkoani Njombe, ambao ni Wakinga, na Wachaga wa mkoa wa Kilimanjaro wanajulikana Kariakoo kwa desturi hiyo. Kijana huletwa kutoka kijijini, hukaa nyumbani kwa mwenye duka, hula hapohapo na kujifunza biashara kwa miaka kadhaa. Ujira wake wa kila mwezi huwa mdogo, kwa ahadi kwamba akitumika vizuri atafunguliwa duka lake au kupewa mtaji.

Faida ya njia hii ni kwamba familia zote mbili zinasimama nyuma ya makubaliano. Kijana akiiba, aibu hufika mpaka kijijini, na mwenye duka akidhulumu, wazazi wa kijana wana pa kumshitaki: kwa wazee wa ukoo. Udhaifu wake ni kwamba ahadi ya mtaji haina kiasi wala tarehe. Mwenye duka aweza kusema biashara imekuwa mbaya au kwamba kijana hajakomaa, na kijana akabaki bila kumbukumbu ya alichostahili. Aidha, ndugu ni vigumu kumkaripia na vigumu zaidi kumwachisha.

Njia ya pili ni kuulizia kwa majirani wa biashara. Mwenye duka huwaambia wenzake wa mtaa kwamba anahitaji muuzaji, na wao humtajia mtu waliyemwona akifanya kazi mahali pengine. Njia ya tatu ni tangazo, ama karatasi iliyobandikwa mlangoni yenye maneno "anahitajika muuzaji", ama ujumbe katika makundi ya simu na mitandao ya kijamii.

Kuchuja waombaji

Kwa mtu asiye ndugu, wenye maduka wengi hutaka vitu vitatu: kitambulisho cha taifa au namba yake kutoka Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi, na mdhamini mmoja au wawili wenye makazi au biashara inayojulikana. Baadhi humtembelea mwombaji nyumbani ili wapajue anapolala.

Mdhamini ndiye nguzo ya utaratibu huu, lakini maana ya neno hilo hutofautiana. Mwenye duka aweza kulielewa kuwa mdhamini atalipa hasara yote itakayotokea, huku mdhamini mwenyewe akidhani ameshuhudia tu kwamba anamfahamu kijana na tabia yake. Barua ya udhamini inayotaja kiasi cha juu atakachowajibika nacho, muda wake na aina ya hasara huondoa utata huo. Isiyotaja lolote huwa chanzo cha ugomvi wa watu watatu badala ya wawili.

Kuna mambo ambayo mwajiri hapaswi kuyatumia kumkataa mwombaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa moja kwa moja au usio wa moja kwa moja kwa misingi kama rangi, kabila au mahali pa asili, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na kuishi na virusi vya UKIMWI. Desturi ya kuchukua watu wa nyumbani tu hugusa moja kwa moja kifungu cha kabila na mahali pa asili, ingawa dukani huonekana kuwa jambo la kawaida. Kumwomba mwombaji ngono ili apewe kazi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa, na mwenye umri wa miaka 14 mpaka chini ya 18 hufanya kazi nyepesi tu isiyomdhuru.

Nakala za vitambulisho, picha na namba za simu zinazokusanywa wakati wa kuajiri ni taarifa binafsi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwaka 2023, anayezikusanya anapaswa kuzitumia kwa lengo alilozichukulia na kuzilinda zisiwafikie wasiohusika.

Makubaliano ya kazi

Sheria inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi anapoanza kazi. Hayo ni pamoja na jina, umri, jinsia na anwani ya mwajiriwa, mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na mshahara pamoja na jinsi unavyokokotolewa. Kama mwajiriwa haelewi maandishi hayo, mwajiri anapaswa kuhakikisha anafafanuliwa kwa namna anayoielewa. Kumbukumbu hizo hutunzwa kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Sharti hili halimhusu kibarua anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku sita kwa mwezi.

Kwa duka dogo, maelezo yote yaweza kuenea katika ukurasa mmoja wa daftari, ukitiwa sahihi na pande zote mbili, kila upande ukabaki na nakala. Wenye maduka wengi huona karatasi kama kitu cha kumlinda mfanyakazi. Hali halisi mbele ya vyombo vya sheria ni tofauti: mwajiri akishindwa kutoa mkataba au maelezo ya maandishi wakati wa shauri, jukumu la kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye. Mfanyakazi akisema mshahara uliokubaliwa ni mkubwa kuliko aliokuwa akipewa, ni mwajiri asiye na karatasi anayepaswa kuonyesha kwamba sivyo.

Kipindi cha majaribio huwa cha miezi mitatu au sita na kwa taratibu za kazi hakipaswi kuzidi miezi 12. Mwajiriwa mwenye chini ya miezi sita kazini hana kinga ya kisheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki, lakini haki zake za mshahara, mapumziko na taarifa zipo tangu mwanzo.

Ujira na saa za kazi

Muuzaji wa Kariakoo aweza kulipwa kwa njia moja au kwa kuchanganya kadhaa: mshahara wa mwezi, posho ya kila siku ya chakula na nauli, kamisheni kwa mauzo, na ruhusa ya kuuza juu ya bei ya mwenye duka na kubaki na cha juu. Njia ya mwisho humpa muuzaji ari ya kuuza, lakini humfanya mteja mmoja alipe bei tofauti na mwingine, na pia hufanya iwe vigumu kujua fedha ipi ni ya duka na ipi ni ya muuzaji.

Posho na cha juu haviondoi wajibu wa kulipa kima cha chini cha mshahara. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliweka sh 150,000 kwa mwezi katika sekta ya biashara na viwanda. Mwezi Oktoba 2025 serikali ilitangaza viwango vipya vya juu zaidi kwa sekta binafsi, vya kuanza tarehe 1 Januari 2026.

Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi 6. Anayefanya kazi saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu hulipwa mara mbili. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, huongezewa angalau asilimia 5.

Mfano: duka linafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, siku sita kwa wiki. Ukiondoa saa moja ya mapumziko, muuzaji anafanya saa 9 kwa siku na 54 kwa wiki. Zilizozidi ni 9. Kama mshahara wake ni sh 234,000 kwa mwezi, saa moja ya kawaida ni sh 1,200 (mwezi huhesabiwa kuwa na saa 195 hivi) na saa moja ya ziada ni sh 1,800. Kwa wiki anastahili sh 16,200 za ziada, na kwa wiki nne sh 64,800. Kwa hiyo kiasi anachodai muuzaji wa duka linalofungwa saa 12 jioni ni zaidi ya robo ya mshahara wake, na mara nyingi hakijawahi kuandikwa popote.

Mwajiriwa pia anastahili likizo ya mwaka ya siku 28. Likizo ya uzazi ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba ana siku 3. Likizo ya ugonjwa ni hadi siku 126 katika miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara.

Hesabu na shoti

"Hesabu" ni fedha ya mauzo ambayo muuzaji humkabidhi mwenye duka, kwa kawaida kila jioni. Ikiwa pungufu ya inavyotarajiwa, pengo hilo huitwa "shoti". Desturi iliyoenea ni kwamba shoti humwangukia muuzaji: hukatwa kwenye mshahara, na kubwa ikifika kiasi cha kushindikana, mdhamini huitwa.

Sababu za shoti ni nyingi, na wizi wa muuzaji ni moja tu. Nyingine ni kurudisha chenji kimakosa, noti bandia, mteja aliyeiba wakati wa msongamano, bidhaa iliyokopeshwa bila kuandikwa, mzigo uliofika pungufu kutoka stoo, malipo ya simu yaliyoghushiwa, na mwenye duka au mke au mume wake kuchukua fedha kwenye droo bila kusema. Mahali ambapo watu wanne hugusa droo moja, haiwezekani kujua kwa kutazama shoti peke yake nani ameisababisha.

Sheria inaruhusu kukata mshahara kwa ajili ya hasara, ila kwa masharti yanayopaswa kutimizwa yote: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mwajiriwa, mwajiri amweleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, mwajiriwa apewe nafasi ya kupinga, jumla isizidi hasara halisi, na kila makato yasizidi robo ya mshahara wa fedha taslimu. Mwajiriwa awe pia ameridhia deni hilo kwa maandishi.

Kwa muuzaji wa mfano wa hapo juu, robo ya sh 234,000 ni sh 58,500. Akithibitika kusababisha shoti ya sh 150,000, haikatwi kwa mwezi mmoja. Atakatwa sh 58,500 mwezi wa kwanza, sh 58,500 wa pili na sh 33,000 wa tatu. Kushikilia mshahara wote wa mwezi "mpaka hesabu itimie" ni kinyume cha sheria hata pale muuzaji mwenyewe anapokiri kosa.

Njia za kupunguza shoti ambazo wafanyabiashara huzitumia ni rahisi na hazihitaji mashine ghali:

Kuhesabu mzigo pamoja. Bidhaa huhesabiwa muuzaji anapoanza kazi, kisha kila wiki au kila mwezi, mbele yake, na wote wawili kutia sahihi. Bila hesabu ya mwanzo, shoti haina pa kuanzia.

Mtu mmoja, droo moja. Kila muuzaji huwajibika kwa fedha aliyoipokea yeye, na anayempokea zamu huhesabu kabla ya kuketi.

Daftari la matumizi. Kila anayetoa fedha, akiwemo mwenye duka, huandika kiasi na tarehe.

Lipa namba ya duka. Malipo ya simu huingia kwenye akaunti ya biashara, siyo kwenye namba ya muuzaji. Hilo humlinda mwenye duka, na humlinda muuzaji pia dhidi ya tuhuma.

Risiti ya kila mauzo. Mashine za risiti za kielektroniki, ambazo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kuzitumia mwaka 2010, huacha kumbukumbu inayoweza kulinganishwa na fedha iliyokabidhiwa.

Michango na bima

Mwajiri anapaswa kumsajili mwajiriwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiriwa hakatwi zaidi ya nusu yake. Kwa mshahara wa sh 234,000, mwajiriwa hukatwa sh 23,400 na mwajiri huongeza sh 23,400. Mwajiri peke yake huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015, kwa kiwango cha asilimia 0.5, yaani sh 1,170 kwa mfano huu. Kodi ya mshahara huanza kutozwa kwa kipato kinachozidi sh 270,000 kwa mwezi. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi huwahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi, hivyo maduka mengi madogo hayaguswi nayo.

Umuhimu wa usajili huonekana wakati wa maafa. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Mfanyakazi anayeumia kazini, au familia ya anayefariki, hudai fidia kwa kuonyesha kwamba alikuwa mwajiriwa na alikuwa akipata mshahara gani. Pale ambapo ajira haikuandikwa popote, ushahidi huo hutafutwa kwa majirani wa fremu.

Nidhamu na kuachishwa kazi

Kumwachisha mwajiriwa kunahitaji vitu viwili: sababu halali na utaratibu wa haki. Wizi na ukosefu mkubwa wa uaminifu ni sababu halali, lakini tuhuma peke yake haitoshi. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinaelekeza mwajiri achunguze, amweleze mwajiriwa tuhuma kwa lugha anayoielewa, ampe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, amsikilize akiwa na mwenzake wa kumsaidia akitaka, kisha atoe uamuzi na sababu zake. Katika duka la watu watatu kikao hicho chaweza kufanyika asubuhi kabla ya kufungua, mradi kiandikwe.

Anayelipwa kwa mwezi anastahili taarifa ya siku 28, au malipo badala yake. Katika mwezi wa kwanza wa kazi taarifa ni siku 7. Aliyefanya kazi mfululizo mwaka mmoja au zaidi hupata kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10, isipokuwa ameachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Hupewa pia mshahara wa siku alizofanya, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi. Cheti hicho kina thamani ya pekee Kariakoo, kwa sababu mwajiri wa duka la pili huuliza kwanza mtu alitokaje la kwanza.

Baadhi ya waajiri humpeleka polisi muuzaji mwenye shoti ili alipe haraka. Wizi wa mtumishi ni kosa la jinai, na polisi ndio mahali pake pale panapokuwa na ushahidi. Deni la hesabu ambalo chanzo chake hakijajulikana ni mgogoro wa kazi, na una chombo chake.

Usuluhishi wa migogoro

Chombo hicho ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), iliyoundwa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Mwajiriwa anayelalamikia kuachishwa isivyo haki hujaza fomu na kuiwasilisha ndani ya siku 30. Kwa migogoro mingine, kama mishahara isiyolipwa, muda ni siku 60. Kwanza hufanyika usuluhishi, ambapo msuluhishi huwasaidia wawili hao kuelewana. Ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi, na uamuzi wake waweza kupelekwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Wafanyakazi wa biashara wanaweza pia kujiunga na chama cha wafanyakazi cha TUICO, ingawa si rahisi kuwaunganisha watu waliotawanyika mmojammoja katika fremu.

Wengi hupoteza haki kwa kuchelewa. Muuzaji hungoja wazee, mdhamini au mwenyekiti wa mtaa wawapatanishe, na siku 30 zikapita. Upatanisho wa namna hiyo haukatazwi, lakini hausimamishi siku.

Sheria hizi ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005.

Kutoka muuzaji hadi mwenye duka

Katika Kariakoo kazi ya kuuza duka huhesabiwa pia kuwa shule. Muuzaji hujifunza mahali mzigo unapotoka, wateja wa jumla, bei za misimu ya Idi, Krismasi na kufunguliwa kwa shule, na namna ya kukopa na kukopesha. Wenye maduka wengi walianza hivyo. Jambo hilo huleta wasiwasi wa aina yake: mwenye duka huogopa kumfundisha mtu atakayefungua fremu jirani na kuondoka na wateja, na muuzaji huogopa kutumika miaka mingi bila kufika popote.

Mahali ambapo ahadi ya mtaji huandikwa, kwa mfano kwamba kila mwezi kiasi fulani kitawekwa kwa jina la kijana na kukabidhiwa baada ya miaka mitano, woga wa pande zote mbili hupungua. Kijana ana sababu ya kuilinda mali ya duka kwa kuwa sehemu yake imo humo, na mwenye duka anajua lini ataondokewa na hivyo huandaa mtu mwingine mapema.

Tazama pia

Kariakoo
Wilaya ya Ilala
Machinga
Sheria ya kazi
Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii